Tarishi wa Korti na Barua Iliyolala Kabatini

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umeukalia mji wa Nyeri, na Moffat Gatimu anaisukuma baiskeli yake kupanda kilima cha kutoka Skuta. Haipandi. Anatembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

"Hii kilima ilinishinda mwaka wa sabini na mbili," anasema bila haya. "Sasa tunatembea wote wawili, mimi na yeye."

Begani amening'iniza mkoba wa turubai. Ndani mna hati tisa za mahabusu zinazokwenda gerezani, samansi tatu za mashahidi, kitabu cha kupokelea chenye jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili askari wa lango wasisahau kuirudisha. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, mna barua moja ya kaki iliyoanza kuchakaa pembeni. Hiyo haipeleki leo.

"Hiyo iko na miaka mitatu," anajibu ukimuuliza. "Lazima ifike kwa mwenyewe kabla sijatoa hii koti ya serikali. Lakini hiyo nitakwambia mwisho. Kwanza tufike gerezani."

Koti atalivua tarehe thelathini na moja Desemba mwaka huu wa 1976, akitimiza miaka hamsini na mitano. Imebaki miezi minne. Katika miaka kumi na miwili ya utarishi amefikisha karatasi asizoweza kuzihesabu, na sasa kuna moja tu inayomnyima usingizi.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kila asubuhi huchukua kutoka masijala ya korti karatasi alizotia sahihi hakimu jana yake, akazipeleka gerezani, akapata sahihi kitabuni, akarudi. Mchana huzunguka mjini na samansi. Kwa hayo hulipwa shilingi mia nne na thelathini kwa mwezi. Sabini ni za kodi ya nyumba, na nyingi ya zilizobaki humezwa na karo ya bintiye wa mwisho, Ngendo, aliye kidato cha tatu.

Masomo yake yaliishia darasa la nne. Shule iliyomfunza zaidi, anasema, ni kambi aliyowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, miaka mitatu bila kushtakiwa.

"Kazi ilikuwa ngumu, chakula kidogo, lakini si hiyo ilinimaliza," anakumbuka. "Ni vile hakuna mtu aliniambia siku ya kutoka. Ukijua siku, hata kama iko mbali, unaweza kula na ulale. Usipojua, kila siku ni ya kwanza."

Alitoka huko na ugonjwa ambao mkewe, Waithira, anasema hauna dawa: hawezi kuacha jambo bila kujua lilivyoishia.

"Akipata watu wawili wanabishana barabarani, huyu atashuka kwa baiskeli," Waithira anacheka huku akifuta mikono kwa leso. "Ati anauliza kama wamepotea njia! Hajui njia gani? Anataka tu kusikia."

Ugonjwa huo ndio uliomfikisha kwa Jethro Mburugu.

Hati ya kumweka mtu rumande hufanywa upya kila baada ya siku kumi na nne. Mahabusu anatajwa kortini, kesi inaahirishwa, hakimu anatia sahihi, na Gatimu anafunga safari na karatasi mpya yenye jina lile lile. Majina mengi hukaa mkobani mwake mwezi mmoja au miwili, kisha yanapotea. La Mburugu halikupotea. Lilianza Januari 1975, na Desemba ikifika alikuwa amelibeba mara ishirini na tatu.

"Tena si jina ya hapa Nyeri," anaeleza. "Ni ya upande ule mwingine wa mlima. Nikajiuliza, huyu mtu wa mbali ameletwa na nini, na kwa nini hakuna mtu anakuja kumtoa?"

Mburugu, aliyekuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa mpagazi Naro Moru. Alibeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima. Siku moja blanketi mbili za kulalia na jiko la mafuta vilitoweka katika stoo ya kambi, na yeye ndiye aliyekuwa ameifunga mara ya mwisho. Alikana. Hakimu akampa bondi ya shilingi elfu mbili na mdhamini mmoja mwenye hati ya shamba. Kwa mtu mwenye jamaa wenye mashamba, bondi kama hiyo humtoa ndani ya wiki moja.

Jumanne moja ya Desemba hiyo, mahabusu wakiwa wamepangwa kwenye ua wa gereza kuitwa majina, Gatimu alimsogelea.

"Wewe kijana, huna watu?"

"Niko na mama, mzee."

"Na hajui uko hapa?"

"Anajua. Korti imemwandikia mara nne. Amenyamaza." Kijana alitazama pembeni. "Haidhuru. Ijumaa nikisimama nitasema ni mimi niliiba."

"Kwani uliiba?"

"Hapana."

"Sasa utasema hivyo kwa nini?"

"Mzee, wale wamefungwa wanajua siku yao ya kutoka. Mimi najua nini?"

Maneno hayo Gatimu alikuwa ameyasema mwenyewe, kambini, zaidi ya miaka ishirini nyuma, na hakutarajia kuyasikia tena kutoka kinywani mwa mtu mwingine chini ya bendera yetu wenyewe.

Alirudi mbio masijala akamwomba karani, Bi Murugi, amtolee faili. Nakala za barua zote nne zilikuwamo, zimeandikwa kwa mama mtu, Mbeti, kwa sanduku la posta la kanisa moja juu ya Chuka. Hakuna hata moja iliyorudi.

"Barua ikikosa mwenyewe inarudi na muhuri," anasema Gatimu, akiinua kidole. "Hizi hazikurudi. Basi ziko mahali. Nikataka kujua ni wapi."

Aliomba likizo ya siku mbili, Jumatano na Alhamisi. Nauli akatoa mfukoni mwake. Waithira alimfungia viazi vitamu akinung'unika kwamba mume wake sasa anapeleka mpaka barua zilizokwisha kupelekwa. Basi likauzunguka mlima, Karatina, Embu, mpaka Chuka, na alasiri ile ile Gatimu alikuwa anapanda kwa miguu kuelekea kanisani, vumbi limembadilisha rangi ya koti.

Alimkuta mzee wa kanisa, Peterson, akipigilia misumari kwenye benchi lililovunjika.

"Mama Mbeti yuko?"

"Yuko. Anakaa hapo chini, karibu na mto."

"Barua zake kutoka korti ya Nyeri zilifika?"

"Zilifika zote," alisema Peterson. "Ziko kabatini."

"Na hamkumpa?"

"Mbeti yuko nje."

Mgeni asiyeijua milima hii angedhani mama huyo amesafiri. Gatimu alielewa mara moja, kwa sababu kanisa lake la Skuta lina utaratibu ule ule.

Vijijini, watu wachache sana wana sanduku lao la posta. Wengi hutumia la kanisa. Barua zikifika, mzee wa kanisa husoma majina Jumapili, baada ya matangazo, na mwenye barua hupita mbele kuichukua. Lakini kuna walio "nje ya ushirika". Hao ni waumini waliokosa na kupewa adhabu na baraza la wazee. Huketi benchi la nyuma, hawashiriki meza ya Bwana, na katika kanisa kama la Peterson majina yao hayasomwi mbele ya watu mpaka muda wao uishe na warudishwe.

Mbeti alikuwa amepika pombe ya miwa. Wazee walikuja kumposa bintiye, Kaari, na mama akaona si heshima kuwapa chai. Baraza likampa miezi sita, kuanzia Septemba 1974. Akachukia, akaacha kuja kabisa. Miezi sita ikaisha Machi. Kwa kuwa mwenyewe hakuwapo wa kurudishwa, hakuna aliyekumbuka kulifuta jina lake kwenye orodha. Mtoto rumande, mama nje ya ushirika, na wote wawili wamepitisha muda wao bila mtu kuangalia kalenda.

"Sikuzifungua," Peterson alisema, akizungusha ufunguo wa kabati. "Ziko vile zilikuja."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtunzaji mwaminifu, akalifungua. Kati ya vitabu vya nyimbo na bati la vikombe vya meza ya Bwana palikuwa na bahasha zilizofungwa kwa kamba ya katani. Nne zilikuwa za Mbeti. Nyingine kumi na nne zilikuwa za watu wengine.

Mbeti walimkuta akipalilia viazi. Alidhani mwanawe yuko mlimani, kwa maana wapagazi huweza kupotea miezi mingi. Gatimu alipomweleza, jembe lilimwanguka, akaketi chini pale pale kwenye tuta.

"Anasema mimi nimenyamaza?" aliuliza. "Kaari ameolewa mwezi wa nne. Jethro hakuja. Nikasema basi, amekuwa mtu mkubwa, ametusahau. Mwaka mzima nimemkasirikia!"

Kisha likazuka tatizo jingine. Shamba la Mbeti lilikuwa bado katika jina la marehemu mumewe, na korti haipokei hati ya maiti. Peterson, aliyekuwa amesimama kando na kofia mkononi, aliondoka bila kuaga. Baada ya nusu saa alirudi na hati ya shamba lake mwenyewe, imezungushiwa gazeti kuukuu.

"Hakusema pole, hakusema samahani," Gatimu anakumbuka. "Alisema tu, 'Basi inatoka kesho asubuhi na mapema. Msichelewe.'"

Ijumaa hiyo Gatimu alisimama penye mlango wa korti, mahali pake pa siku zote. Kesi ya Mburugu ilipoitwa, kijana alipanda kizimbani macho chini, akashika ukuta wa mbao, akafungua kinywa. Kabla hajasema neno, mama mmoja kwenye benchi la nyuma alisimama akaita, "Jethro!" Askari akamwambia aketi. Hakuketi. Akamwambia tena. Mbeti akaita tena, kwa sauti iliyofika mpaka masijala.

Hakimu aliuliza kuna nini, akaelezwa, akaitazama hati ya Peterson pande zote mbili. Saa tisa mchana Mburugu alikuwa nje, anakula ndizi kwenye nyasi za korti, mama yake amemshika mkono wa koti utadhani atapaa. Machi iliyofuata kesi ilifutwa. Watalii walalamikaji walikuwa wamerudi kwao zamani, na hakuna shahidi mwingine aliyejitokeza.

Leo Mburugu anabeba mizigo tena Naro Moru. Ni mtu wa maneno machache.

"Nilikaa miezi kumi na moja ndani," alisema, akikaza kamba za mzigo. "Wale tulikuwa nao wakasema kama ningekubali siku ya kwanza, pengine ningepewa sita tu. Sasa wewe niambie, nani alikuwa mjanja?"

Habari ilienea mjini. Mawakili ambao kwa miaka mingi walimpita Gatimu ngazini kama wanavyopita kiti walianza kumwamkia kwa jina. Kanisani kwake Skuta walitaka kumpigia makofi. Alikataa kusimama.

Tangu ndani ya basi la kurudi, anasema, kuna kitu kilikuwa kinamtafuna. Bahasha kumi na nne. Yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa tangu mwaka wa sitini na saba. Kila Jumapili ndiye anayesimama mbele kusoma matangazo. Ndiye anayesoma majina ya wenye barua. Na ndiye anayeyaruka.

Jumamosi iliyofuata alichukua ufunguo akaenda kulifungua kabati la kanisa lake, peke yake. Alikuta barua tatu. Moja ya shule, moja ya salamu. Ya tatu ilikuwa ya kaki, ina muhuri wa korti ya Nyeri.

"Niliijua kabla sijaishika," anasema. Hapa anasimama, anaiegemeza baiskeli kwenye ukingo, anafuta uso. "Ni mimi niliileta."

Ilikuwa Juni 1973. Barua ilikuwa ya Watiri, mama mjane aliyeishi Skuta. Gatimu alifika kwake akakuta mlango umefungwa. Kwa kuwa walisali pamoja, akaona ya nini kurudi mara ya pili, atampa Jumapili. Katika kitabu cha kupokelea, pale panapotakiwa sahihi ya mwenye barua, akatia yake.

Jumapili ikafika, na Watiri alikuwa nje ya ushirika. Alikuwa amepigana na mwenzake wa kwaya kwenye mfereji wa maji, ndoo kwa ndoo, na baraza likampa miezi mitatu. Baraza lenyewe lilikuwa na Gatimu ndani yake. Basi barua ikaingia kabatini kumngoja atubu. Kabla ya muda kuisha, Watiri alihamia kwa dada yake Kangema kuchuma majani ya chai, na tarishi akasahau. Mtu aliyeshuka kwenye baiskeli kusikiliza ugomvi wa wapita njia hakujiuliza hata siku moja barua ile iliishia wapi.

Hakuifungua hata alipoipata. Bi Murugi ndiye aliyemsomea nakala kutoka kwenye faili. Ilihusu Kihara, mwana wa Watiri, aliyekuwa rumande kwa kupasua mbao katika msitu wa serikali bila kibali. Hakimu, akijua mama huyo hana shamba, alikuwa amekubali mwana atoke kwa sahihi ya mama yake tu. Alichotakiwa kufanya ni kufika kortini.

Kihara alingoja wiki saba. Kisha akasema yeye ndiye, ili apate siku ya kutoka. Akapewa miezi kumi na minane. Aliitumikia akatoka, na sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Nanyuki. Hajakanyaga kwa mama yake. Gatimu alimfuata huko mwezi wa Mei, akijitia mteja wa mbao, akauliza habari za wazazi.

"Akaniambia, 'Mama yangu aliambiwa aje aweke kidole cha wino tu, akakataa,'" anasema Gatimu. "Nilinunua ubao moja nikarudi nayo Nyeri."

Ubao huo bado umeegemea ukuta wa nyumba yake. Waithira anauanikia nguo na haulizi.

Mwenzake mmoja wa masijala amemshauri aichome barua na aurarue ukurasa. Kutia sahihi badala ya mwenye barua ni kosa, na likijulikana linaweza kumgharimu pensheni, miezi minne tu kabla ya kustaafu. Choma, mzee, upumzike. Gatimu anasema aliufikiria ushauri huo usiku mmoja na nusu.

"Peterson aliweka barua kabatini, lakini hakusaini mahali," anasema. "Mimi nilisaini. Niliambia korti mama amepata. Wewe andika. Andika jina yangu yote, usifiche."

Mambo mengine tayari ameyabadilisha. Tangu Februari, baraza la kanisa lake limekubali, shingo upande, kwamba jina kwenye barua lisomwe hata kama mwenyewe yuko nje. Akistaafu anataka kuuzunguka mlima, kanisa kwa kanisa, akiwaomba wazee wenzake jambo moja tu, wafungue makabati.

Lakini kwanza ni Kangema, Jumamosi hii. Ameahirisha mara tatu. Mara ya kwanza alisingizia mvua, mara ya pili mgongo, na ya tatu hakusingizia kitu, alirudi tu kutoka stendi.

Tumefika langoni. Askari anazihesabu hati tisa, anatia sahihi, na kwa mazoea anajaribu kuondoka na kalamu, uzi unamrudisha. Gatimu hakifungi kitabu. Anafunua nyuma, kurasa za mwaka wa sabini na tatu, mpaka kwenye mstari wenye jina la Watiri, na kando yake sahihi iliyopinda ambayo ni yake.

"Watiri hajui kusoma," anasema. "Nitamsomea mwenyewe, nimesimama, kwa sauti, vile ningesoma ile Jumapili. Halafu nimwambie ni nani aliikalia. Akitaka twende Nanyuki kwa Kihara, nauli ninayo. Akitaka kunipeleka kwa hakimu, njia naijua."

Na akikataa hata kumfungulia mlango?

"Nitarudi Jumamosi ingine."

Kutoka mkobani anatoa kibati kidogo cha wino, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Kando ya sahihi yake, kwenye mstari ule ule, pana nafasi nyeupe. Anaiwekea kidole gumba chake juu, kikavu, bila wino, anakiondoa, anaitazama tena.

"Nimepima," anasema. "Kidole yake itatosha."